Kushuka Kisugu kwa Frii

"Nyabo, tatizo si gari. Ninyi wanawake mnakanyaga mafuta kama mnakanyaga cherehani. Mwachie mumeo aendeshe, utaona."

Hayo ndiyo maneno yenyewe, na nyabo ni "mama" kwa Kiganda. Aliyeyasema ni kijana aliyeniuzia gari, asubuhi, mbele ya watu, ameketi kwenye kiti cha plastiki katika bondi lake, yaani ule ua wanakopanga magari yaliyoshushwa kutoka Japani. Nilikuwa nimekuja kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alininunulia soda. Mara ya pili aliniambia gari bado linazoea hewa ya Kampala, kana kwamba ni balozi. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya cherehani, na hapo uvumilivu ukaniishia.

Pembeni yetu mzee mmoja na mkewe walikuwa wanakagua gari la familia kama langu kabisa, tofauti ni rangi tu. Nikawageukia.

"Mzee, mama, samahani. Huyu amewaambia hilo linaenda kilomita ishirini kwa lita moja?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilinunua hapa hapa, nikaambiwa hivyo hivyo. Langu linakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Msinunue."

Yule kijana hakukasirika hata kidogo. Alicheka. "Nyabo, kama una kesi nenda ukashtaki. Lakini utaandika nini? Kwamba mguu wako ni mzito?"

Yule mama akacheka pia, akajiziba mdomo. Nilijua gari linakunywa. Kwa nini linakunywa, sikujua. Mtu hawezi kwenda ofisi yoyote kushtaki kitu asichokijua. Nikarudi garini, nikatupa mkoba nyuma na kufunga mlango wa huko kwa nguvu, ila milango ya nyuma ya gari lile haikubali kufungwa kwa hasira. Inateleza yenyewe polepole mpaka ifike. Hata hilo liliniudhi.

Gari lenyewe ni refu, safu tatu za viti, na ni haibridi: lina injini ya petroli na lina mota ya umeme yenye betri yake kubwa. Betri hiyo huichomeki popote, gari linaichaji lenyewe likiwa linatembea. Nilipouliza linaichajije, kijana wa bondi alisema, "Linachaji tu." Kila kitu ndani yake ni Kijapani. Kitabu ni Kijapani. Kuna mama wa Kijapani anayezungumza kutoka kwenye dashibodi kila nikiwasha, na mpaka leo sijui anasema nini. Watoto humjibu. "Webale, nyabo," wanamwambia, yaani asante, kisha wanafunga mikanda. Na kuna skrini yenye picha ya gari dogo: injini, betri, magurudumu, na mishale inayokuja na kupotea. Maandishi yake hakuna anayeyasoma katika Kisugu nzima, kilima tunachoishi.

Sikulinunua kwa fahari. Nilikuwa nauza vitenge katika duka la mtu, nikaacha, ili nibebe watoto wa shule. Wangu wawili, wa majirani wa Kisugu, kisha napitia wengine kwenye fleti za Bugolobi, wote nawapandisha kilima cha Naguru, shuleni. Wazazi wananilipa kwa muhula. Nauli hiyo niliipanga kwa kuamini zile kilomita ishirini. Wiki ya kwanza tu nikaona kwamba gari linakunywa karibu sawa na kile kigari chetu cha zamani, ambacho hakikuwa haibridi wala hakikuwa chochote. Likijaa watoto, na kiyoyozi kikiwaka, halikufika hata nusu ya tulichoambiwa.

Mume wangu ni askari, mtu wa kaskazini. Mimi ni Mkenya, nilizaliwa Kitale. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na ndicho tunachogombania nacho. Jioni ya siku ile ya cherehani aliniambia bila kuzunguka:

"Mama watoto, muhula ikiisha na hii gari bado inakunywa hivi, tunarudisha. Yule kijana amekubali kuchukua."

"Kwa bei gani?"

Akaitaja. Ilikuwa hasara tupu.

"Na mimi nitarudi wapi, afande?"

"Dukani."

"Kule kuna msichana mwingine siku nyingi."

Si mtu mbaya. Ila petroli ilikuwa inatumalizia mshahara wake, na muhula ulikuwa umebaki nusu. Gari likiondoka, kazi yangu inaondoka nalo. Nilielewa hivyo usiku ule, na kesho yake nikaanza kulichungulia gari kama ninavyochungulia wali unaotaka kuungua.

Kwanza nilishuku kituo cha mafuta. Nikabadilisha. Kila mara nikawa najaza mpaka pampu ijikate yenyewe, narudisha ile namba ya safari kwenye sifuri, naendesha, najaza tena mpaka ijikate. Hesabu ya darasa la tano: kilomita gawanya kwa lita. Kituo kipya kilinipa jibu lile lile. Nikashuku matairi. Yalikuwa yamepungua upepo kweli, nikayajaza, mambo yakasogea kidogo tu. Nikashuku kiyoyozi. Nikakizima siku mbili, na yeyote aliyewahi kufungiwa ndani ya gari na watoto wa shule, viatu vyao na mayai ya kuchemsha, anajua kwa nini ziliishia mbili. Nikashuku hata mguu wangu. Nikaendesha taratibu mpaka bodaboda wakanipigia kelele, "Mama, unapeleka maiti?" Tofauti ilikuwa ndogo. Na siku za mapumziko, mume wangu akiliendesha yeye, lilikunywa vile vile.

Nilichokiona katika siku hizo ni kitu kimoja. Ile picha ya betri kwenye skrini ilikuwa na vijiti viwili tu, vya zambarau, karibu kila wakati. Na nikianza kuipanda Naguru, injini inanguruma kama kinu cha kusaga posho, unga wa ugali. Nikajiuliza: kama kuna mota ya umeme humu ndani, mbona hainisaidii kupanda? Imelala? Na kama inakula kutoka kwenye ile betri, nani anapaswa kuipikia?

Swali hilo lilikaa nami nikipika, nikifua, nikiwa kanisani. Jibu nililipata kwa sababu mtoto mmoja alikunywa uji vibaya.

Ni binti wa jirani, mwembamba, huwa anakaa mbele kwa kuwa nyuma anapata kizunguzungu. Asubuhi ile tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza kuteremka kutoka Kisugu kwenda Namuwongo, akanitazama kwa macho yale ambayo mama yeyote anayajua.

"Anti, tumbo."

Nikanyakua kaveera, ule mfuko wa plastiki ninaoweka mlangoni, nikaushika chini ya kidevu chake kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uko kwenye usukani. Mkono wa tatu sina.

Hapa lazima nieleze jambo la gia. Siku tunalichukua gari, yule kijana wa bondi alitupeleka mwenyewe kulijaribu. Tulipofika kwenye mteremko akasukuma gia kwenye N, akaliacha gari lijiendee. "Hapa ndipo kuna siri," akasema. "Mteremko wowote, tupa frii. Foleni ikisimama, tupa frii. Mafuta hayatembei." Mume wangu, aliyeketi kando, alifurahi kama amekutana na ndugu yake. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori kati ya Gulu na Kampala, miaka ya mafuta kupatikana kwa shida, na alilishusha lori lile kila kilima kwa frii, akawafundisha wanawe wote. Mume wangu akanifundisha mimi. Jiji hili ni vilima juu ya vilima, na ukikaa kando ya mteremko wowote utawasikia madereva wakipita kimya kimya, frii. Anayeshuka na gia tunamwona mgeni. Mimi mwenyewe mkono wangu ulikuwa unaitupa gia kwenye N bila hata kuniuliza.

Asubuhi ile mkono ulikuwa umeshika kaveera. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu tulinunue, gari liliteremka Kisugu likiwa kwenye D, gia ya kwenda mbele, mimi nikilizuia kwa breki taratibu ili uji usimwagike. Nikasikia sauti nyembamba, kama mbu anayelia mbali. Nikatupa jicho kwenye skrini. Mishale ilikuwa imetokea, ya kijani, mingi, inatoka kwenye magurudumu inaingia kwenye betri. Kijiti cha tatu kikawaka. Tulipofika chini karibu na reli, cha nne.

"Anti, nimemaliza," akasema yule binti.

"Hongera, mama," nikasema, ila nilikuwa naliambia gari.

Kutoka hapo mpaka Bugolobi gari lilitembea kimya. Injini ilikuwa imezimika na tunakwenda, kweli tunakwenda, kwenye barabara tambarare, kwa nguvu ya kile kilima tulichokishuka. Watoto wakaanza kuuliza kama gari limekufa. Na tulipoipanda Naguru, kinu cha posho hakikusikika. Kulikuwa na mngurumo wa kawaida tu, na kitu kingine kinasukuma chini yake.

Nilipowashusha watoto sikurudi nyumbani. Nilirudi kwenye ule mteremko. Nilishuka kwa N: mishale hakuna hata mmoja, skrini imekufa, betri pale pale. Nikazunguka, nikapanda, nikashuka kwa D na breki ya taratibu: mishale, vijiti, ile sauti ya mbu. Nikarudia. Mwanamke anayechoma mahindi pale juu akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, natafuta kitu. "Umeangusha nini?" Nikasema petroli. Akanipa hindi akiniangalia kwa huruma.

Basi ndivyo linavyochaji. Si "linachaji tu." Linachaji likizuiwa. Magurudumu yanapotaka kukimbia na wewe unayazuia, ile nguvu ambayo katika gari lingine ingeishia kuwa joto la breki, hapa inarudi betrini. Ukitupa frii umelikata hilo gari mkono. Magurudumu yanazunguka bure, betri haipati kitu. Na kwenye foleni ni hivyo hivyo: ukiweka N, kiyoyozi kinaendelea kula betri, injini haiwezi kuijaza, ukija kuondoka injini inaamka na njaa. Sisi tulikuwa tunaishi juu ya kilima, tumenunua gari linalokula vilima, halafu kila asubuhi tunalinyima.

Mume wangu hakuamini. Jumamosi nikampakia pamoja na watoto wetu, nikampa usukani. Juu ya mteremko, kama kawaida, gia kwenye N.

"Sikia," akasema. "Sikia hiyo kimya. Hiyo ni mafuta inapumzika."

"Tazama picha."

"Mimi natazama barabara."

"Baba watoto, tazama picha mara moja tu, barabara haiendi popote."

Akatazama. Hakuna mshale. Tukarudi juu, nikamwambia ashuke na D. Akashuka kwa shingo upande, na ile mishale ikaja, na vijiti vikapanda, na watoto wakapiga makofi. Alisimamisha gari kando ya barabara.

"Mzee alishuka mteremko wa Karuma na frii miaka yote," akasema.

"Lori la mzee lilikuwa na mota ya umeme?"

"Lori ya mzee ilikuwa na heshima."

Nikacheka, naye akacheka, ila mkono wake haukukubali kirahisi. Kila tukifika mteremkoni ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye gia. Watoto wakapata mchezo mpya. "Mkono, baba! Mkono!" wanapiga kelele kutoka nyuma, naye anaurudisha kama mwizi aliyemulikwa.

Tangi lililofuata tulilimaliza lote kwa D. Nilipojaza na kugawanya, jibu lilikuwa kilomita kumi na tatu na kidogo kwa lita. Nikadhani nimekosea, nikarudia tangi la pili. Kumi na nne. Sasa nikawa na hamu kama mtu aliyeanza kusoma hadithi. Niligundua kwamba gari hili linapenda foleni ya polepole, ile inayotambaa pale Namuwongo, kuliko barabara ya wazi ya kwenda Entebbe, ambako injini haizimiki kabisa. Niligundua kwamba safari fupi ya asubuhi, injini ikiwa baridi, ndiyo inayokula kuliko zote, kwa hiyo ni afadhali kuunganisha shule na soko kuliko kurudi nyumbani na kutoka tena. Mvua inaongeza matumizi. Watoto wakiwa wengi yanaongezeka, lakini si kama nilivyoogopa, kwa sababu uzito unaokusumbua ukipanda unakurudishia kitu ukishuka. Hilo lilinifurahisha mno. Nilimweleza dada mmoja kanisani, akahama kiti.

Ishirini sijawahi kuiona. Nimejaribu kila namna. Labda inapatikana Japani, gari likiwa tupu, barabara ikiwa kama meza na dereva hana mtoto hata mmoja.

Mume wangu alisema gari halirudi. Alisema akiwa anakula, bila kuinua macho, kama anatangaza zamu. Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa na deni la jibu na yule kijana, kwa hiyo nilirudi bondi mara ya nne.

Nilimkuta ananyunyizia magari maji. Nikamweleza yote: N, D, mishale, vijiti. Nilimweleza vizuri, bila kelele, kwa sababu nilidhani atafurahi kujua.

"Nyabo," akasema, "unataka kunifundisha gari?"

"Nakuambia nilichokiona."

"Mimi nimeuza haya magari mangapi? Frii ni frii. Hata bibi yangu anajua."

Nyuma yake niliona magari mawili ya familia kama langu, haibridi, lakini yenye namba za hapa hapa Uganda.

"Haya nayo yametoka Japani?"

"Hayo yamerudi. Watu wanashindwa na mafuta, wanatuletea. Tunawasaidia."

"Mnayanunua kwa bei kama ile mliyomwambia mume wangu?"

Akaendelea kunyunyiza. Baadaye kidogo akaingia mteja, mwanamke wa umri wangu amebeba mtoto mgongoni, na nikamsikia kijana akianza wimbo ule ule. Kilomita ishirini kwa lita. Mteremko, tupa frii. Siri hiyo, nyabo.

Sikupiga kelele safari hii. Nilimsubiri yule mwanamke nje ya lango, nikampeleka mpaka garini kwangu, nikamwonyesha skrini. Kisha nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya wanunuzi.

Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani inayoteleza. Akauliza gari lina ubovu gani.

"Gari ni zima."

"Basi unataka kurudishiwa fedha?"

"Hapana."

Akaweka kalamu chini. "Sasa mama, unalalamikia nini?"

Nikamwambia anipe karatasi, nitaandika mwenyewe. Alinipa na kiti pia. Niliandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo vizuri, na yeye akasema ataitafsiri kwa wakubwa wake. Aligonga muhuri mbele yangu, nami nikabaki na nakala. Imeandikwa hivi:

"Namlalamikia muuzaji wa magari ambaye anwani ya ua wake nimeiweka juu. Aliniambia gari lake la haibridi linakwenda kilomita ishirini kwa lita moja. Katika Kampala, nikiwa na watoto, halijawahi. Likiendeshwa vizuri linanipa kumi na tatu au kumi na nne, na mimi nimeridhika nazo. Ningelinunua hata kama angeniambia ukweli. Nataka aambiwe aseme ukweli.

"Pili, anawafundisha wanunuzi kuweka gia kwenye N wakiteremka na wakiwa kwenye foleni. Gari hili likiwa kwenye N betri yake haichaji. Mtu akimfuata, gari litakunywa mafuta kama nilivyoona mimi, na mtu huyo ataamini amenunua gari baya, ataliuza kwa hasara. Anayelinunua tena ni muuzaji huyo huyo. Yapo mawili pale uani yaliyorudishwa. Sijui kama anajua anachokifanya au hajui. Nilimweleza, hakusikiliza. Naomba ninyi mkamuulize, na mkajaribu wenyewe kwenye mteremko wowote. Nitakuja na gari langu mkihitaji.

"Tatu, awatafute wote aliowaambia habari ya frii awaambie waache.

"Nne, aliniambia mbele ya watu kwamba wanawake hukanyaga mafuta kama cherehani. Gari lilikuwa linakunywa sawa sawa hata mume wangu akiliendesha. Nataka aniombe radhi, na aniombe mbele ya watu.

"Gari silirudishi."